Aliye Juu ya Mzambarau Haitwi Jina

Mwanangu Zaina,

Kisomoni, kile cha sisi watu wazima, tulifundishwa kwamba barua huanza na salamu, halafu "sisi huku hatujambo, wasiwasi ni juu yako wewe uliye mbali." Sasa mimi nianzeje hivyo, na wewe asubuhi hii hii umekunywa uji wangu, tena ukausifu kwa unafiki maana ulikuwa umeungua? Hujawa mbali bado. Umekwenda Chanzuru kumuaga shangazi yako, na jioni ukirudi utanikuta nachambua mchicha, nimenyamaza kama sikuandika kitu. Barua nitaichomeka ndani ya mkoba wako, katikati ya zile kanga mpya, ukaikute huko uendako.

Naandika kwa sababu mdomo umenishinda. Wiki hii nzima kila nikitaka kukuambia neno la maana, linatoka karipio. Nimekukaripia kwa ajili ya ndoo, kwa ajili ya taa, hata kwa ajili ya nywele zako mwenyewe zilizo kichwani mwako. Na juzi ulipopiga magoti mbele yangu ukasema, "Mama, nipe radhi zako niende," nilikujibu kwamba kuku hawajafungiwa. Kuku! Nikatoka, nikasimama nyuma ya banda, nikalia mpaka baba yako akaja kuniuliza kama nimeona nyoka.

Baba yako yeye amekwisha kukupa radhi yake, na dua amekusomea. Yangu hujaipata. Kesho asubuhi unapanda basi la Mikumi, na mtoto haondoki nyumbani bila radhi ya mama yake, wewe unalijua hilo na mimi nalijua. Basi nivumilie nizunguke kidogo kabla sijafika. Naogopa, Zaina. Naogopa mpaka herufi zinapanda na kushuka, usidhani ni ubovu wa mwalimu wetu.

Majirani wanasema naogopa wanyama. Mama Mwajuma alikuja jana kunituliza, eti simba wa Mikumi hawaingii vijijini siku hizi, eti askari wa mbuga wapo. Nikamwitikia tu. Simba namjua, ukimwona unakimbia au anakula, basi, yamekwisha. Tembo pia namjua, na kwa kuwa anapenda zambarau kuliko hata wewe, utamsikia kabla hujamwona. Wala sikuogopei wanaume, ulimi ulionao unatosha kuwafukuza hadi Iringa. Ninachokiogopa ni kwamba huko uendako wewe ndiye utakayesimama chini ya mti na kusema, "Pandeni."

Hofu hii iliniingia siku ile alipokuja mwenyekiti wa kijiji chako kipya. Unamkumbuka alivyoingia kwa heshima, "Shikamoo mzee," na baba yako, "Marahaba, karibu kiti." Wewe ulikuwa jikoni unapika chai, hukuyasikia yote. Akaeleza kwamba walipohamishiwa pale walikuta mizambarau ya shamba la zamani, mikubwa, imepangana kando ya mto, haina mwenyewe. Sasa kijiji kimeamua zambarau ziwe mradi wa wote, zipelekwe Morogoro, na wanataka msimamizi anayezijua.

"Tumesikia binti yenu amekulia ndani ya zambarau," akasema.

"Hata meno yake ya kwanza yaliota ya zambarau," baba yako akajibu, wakacheka wote wawili.

Mimi nikauliza, "Mtakuwa mnachuma lini?"

"Jumatano, mama. Lori la ushirika linapita Jumatano."

"Kila Jumatano?"

"Kila Jumatano."

"Na mvua ikinyesha Jumanne?"

Akanitazama, maskini, hakuelewa swali. "Mama, kwani mvua si neema?"

Ni mtu mwema, sina ubaya naye. Ametoka kwenye nchi ya mahindi, na mahindi ukiyakawiza wiki hayakusemi kitu. Lakini nilipomsikia anaitaja Jumatano kana kwamba mti nao una kalenda, sikuweza kukaa tena. Nikanyanyuka, nikaja jikoni nikakuambia chai ina moshi. Kumbe chai haikuwa na moshi.

Sitakufundisha kupanga tenga wala kutofautisha iliyoiva na iliyobabuka. Hayo unayajua kuliko mimi, na vidole vyako ni vyepesi. Nataka kukusimulia miaka yangu mibaya tu, maana mizuri umeila.

Mwaka nilioolewa, mizambarau yote ya barabara ya shamba la mkonge ilikuwa ya bwana mwenye shamba. Desturi ilikuwa unaukodi mti ungali na maua. Unapita chini yake mwezi wa tisa, unatazama juu, unasikiliza nyuki wanavyovuma, unasema, "Huu ni wangu." Ukishasema ni wako, na kitakachoupata ni chako. Mimi bibi harusi nilijiona mjuzi. Nikachagua mti uliojaa maua hata majani huyaoni. Bibi yako, mama mkwe wangu, akaniuliza kama nina hakika, nikamjibu kwa adabu huku moyoni nikisema mzee huyu ana wivu.

Vuli ikawahi mwaka ule. Hapa tunashangilia vuli ikiwahi, watu wanakimbilia majembe. Mvua ikapiga usiku, ikapiga na usiku wa pili, na asubuhi nilipofika chini ya mti wangu, ardhi ilikuwa nyeupe kama mtu amemwaga unga. Yaliyobaki juu nayo hayakupata nyuki, nyuki hatoki kwenye mvua. Mti wa jirani, ambao mimi niliubeza kwa sababu ulichelewa kuchanua, ulikuwa bado na vitumba vimefumba, mvua haikuvifanya kitu. Desemba jirani anajaza matenga, mimi nachuma za kulamba. Nilimkasirikia jirani mwezi mzima, kana kwamba yeye ndiye aliyenyesha.

Mwaka mwingine vuli ikachelewa. Jua likawaka, upepo mkavu kutoka upande wa Mkata ukavuma, na vile vijitunda vya kijani vikaanza kudondoka vyenyewe. Zilizobaki ziliiva ndogo, kokwa tupu na ngozi, na ukali wake unakukausha ulimi. Nikajifunza kwamba tunda likikosa maji linapokua halitajazwa na maji ya baadaye. Nilijifunza vibaya hata hivyo. Mvua ilipofika mwishoni nilifurahi, nikasema sasa zitanona, nikaziacha mtini zinywe. Zikanywa kweli. Zikavimba, zikapasuka, zikaingia funza, na popo wakafanya harusi humo usiku kucha.

Nilikuwa sikubali kushindwa, hiyo ndiyo tabia yangu na wewe umeirithi, usikatae. Hizo zilizopona nikazichuma asubuhi na mapema na maji yake, nikazishindilia kwenye tenga, nikafunika kwa majani ya mgomba mabichi, nikampa dada yangu azipeleke Kilosa. Kufika kule zimechacha. Mteja alinunua bakuli, akaonja moja, akamwambia dada yangu, "Dada, hii ni pombe, na mimi ni Mwislamu." Dada yangu alinisema kwa hilo mpaka anaingia kaburini, Mungu amrehemu.

Unaona nacheka. Hayo ni ya kuchekesha, hasara yake ilikuwa ya tumbo tu. Sasa nakuja kwa baba yako.

Wewe habari yake unaijua kama anavyoisimulia yeye, jinsi tawi "lilivyomchoka" likamshusha, na jinsi alivyotua na bado ana zambarau mdomoni. Wageni wanacheka na yeye anacheka, na mimi naondoka kwenda kutazama sufuria. Hujawahi kuniuliza kwa nini naondoka. Ulikuwa mgongoni kwangu siku ile, umelala, kwa hiyo ulikuwepo na hukuwepo.

Ulikuwa mwaka uliofuata Uhuru. Maua yalikuwa mazuri, yakatunga vizuri, vijitunda vikapata manyunyu ya kuvitosha. Halafu vuli yenyewe ikaja kwa nguvu, siku baada ya siku, hakuna kupanda mti, zambarau zinageuka rangi mbele ya macho yetu na sisi tumejikunyata barazani. Halafu asubuhi moja mawingu yakafunguka. Jua la baada ya mvua, Zaina, ndilo ninalokuonya. Jua lile linaivisha kila kitu kwa pamoja. Jana ulikuwa na nyekundu na za kijani, leo mti mzima ni mweusi tii, na utamu wake siku hiyo hauna mfano. Ukingoja, kesho zimepasuka. Kila mtu anatoka mbio, kila mtu ana tenga, kila mtu ana furaha. Na mti wenyewe siku hiyo hiyo ndipo unapokuwa mbaya kuliko siku zote za mwaka. Gome limelowa linateleza, tawi limebeba matunda na maji, na tawi la mzambarau si la mwembe, halilalamiki kwanza. Linakatika kimya. Siku tunda linapokuwa tamu ndiyo siku mti unapoua. Hilo limenichukua nusu ya maisha yangu kulisema kwa maneno.

Baba yako aliweka kiganja kwenye shina. Nilimwona. Akakisugua kiganja kwenye shati lake, akasema, "Tungoje jua lipande kidogo, upande huu bado una maji."

Nikamwambia, "Jua likipanda garimoshi litakuwa limefika Kilosa, abiria tutawauzia wapi?"

Akavua makubazi yake, akafunga kamba ya kapu kiunoni, akapanda. Alikuwa akipanda vizuri wewe, watu wa shamba la mkonge walikuwa wanasimama kumtazama. Mimi na mama Mwajuma tukashika shuka chini. Kapu la kwanza likashuka, la pili likashuka, na mimi moyoni nikasema unaona, si nilisema.

Sasa, unajua mwiko wetu wachumaji. Aliye juu haitwi jina. Ukimtaka unagonga shina kwa kijiti, au unavuta kamba yake, naye anajua. Mtu akiitwa jina lake anageuka, hawezi kujizuia, ndivyo tulivyoumbwa. Anageuka kuitika, na uzito wake unageuka naye. Watoto wanafundishwa hilo kabla hawajafundishwa kuhesabu. Mimi mwenyewe nimekuchapa kwa hilo, ulipomwita mjomba wako yuko juu.

Garimoshi likapiga honi, bado liko mbali. Shuka lilikuwa mikononi mwangu, wewe mgongoni, kijiti sikijui kiko wapi. Nikainua uso nikaita, "Rajabu! Rajabu, shuka, garimoshi!"

Akageuka. Akasema, "Naam." Alikuwa anatabasamu.

Sikusikia tawi. Nilimsikia yeye.

Paja lilivunjika, na kiuno. Tulimlaza juu ya mlango wa nyumba ya karani, vijana wanne wakambeba, na unajua tulimpeleka na nini hospitali ya Kilosa? Na lile garimoshi. Tulilipata. Tena tulilingoja kidogo, kwa sababu lilichelewa. Tukiwa tunampandisha behewani, abiria mmoja akatoa mkono dirishani akaniita, "Mama! Mama, zambarau hamna leo?" Mikono yangu yote ilikuwa ya zambarau mpaka kwenye viwiko. Bado huwa namsikia yule mtu.

Baba yako hajawahi kunilaumu. Hata siku moja, hata tukigombana, hata siku aliponitupia kigoda kwa ajili ya mambo ya mahari ya dada yako, hilo hakulitaja. Angenitukana ningepona. Amekaa na mguu wake uliounga upande, amejifundisha kusuka matenga, na sasa hivi ninavyoandika yuko uani anakusukia la kwenda nalo, anaimba, hana habari. Tangu siku ile sijalitamka jina lake. Ulidhani namwita Baba Zaina kwa heshima. Ni heshima, ndiyo, lakini pia kinywa changu hakiwezi.

Nikikomea hapa utadhani mama yako amekuwa mwenye hekima kwa sababu ameumia. Hapana bwana. Ngoja nikupe na aibu ya upande wa pili.

Baada ya Azimio, mashamba ya mkonge yalipochukuliwa na serikali, mizambarau ya barabarani ikapewa kijiji. Mkutano ukaulizwa nani asimamie uchumaji, watu wakasema Mama Zaina. Nikapiga na vigelegele mwenyewe. Msimu ukafika, mvua zikaja kwa mapigo, inanyesha, inakatika, inanyesha. Kila asubuhi vijana wananiuliza, "Mama, leo?" Kila asubuhi nasema, "Mti una maji." Siku nyingine ulikuwa na maji. Siku nyingine, Zaina, nisikufiche, haukuwa nayo. Gome lilikuwa kavu, jua lipo, nyigu wanaimba, na mimi nimesimama pale nasema mti una maji. Nilikuwa hata sijaligusa.

Zambarau zote zikaoza. Barabara ikawa nyeusi, inanata, harufu yake inafika hadi stesheni, na kina mama waliotegemea msimu ule kununulia watoto sare wakawa wananipita hawanisalimu. Nikaitwa kwenye mkutano. Kijana mmoja, hata ndevu hana, akasimama akasema kuna watu wanahujumu uchumi wa kijiji, na sote tulijua watu hao ni mimi. Wakaniondoa, wakamweka Bwana Athumani wa mashine ya kusaga.

Mwaka uliofuata Athumani akawapandisha watu siku yoyote anayotaka, mvua isiwe inanyesha tu. Nami nilikuwa napita pale. Nilijisemea napita kwenda sokoni. Uongo, soko liko upande mwingine. Nilikuwa nasimama mbali, nawatazama walioko juu, nangoja mmoja aanguke. Mungu anisamehe. Nilikuwa naogopa waanguke na nilikuwa nataka waanguke, vyote viwili kwa wakati mmoja, ili watu waseme Mama Zaina alikuwa na haki. Hakuanguka mtu. Nakuambia ukweli ulivyo, msimu mzima hakuanguka mtu, na walivuna vizuri, na nilirudi nyumbani nikalala na kanga usoni.

Kwa hiyo mimi si mtu wa kukuambia lini wapande na lini wasipande. Nimekosea kwa haraka, nikakosea kwa hofu, na hasara ya hofu watu wanaila pia, usidanganyike. Najua kitu kimoja tu, kwamba siku ile ya kwanza baba yako aligusa gome na mimi sikugusa, na mwaka ule mwingine hapakuwa na aliyegusa. Gusa kwa mkono wako. Gusa upande usiopigwa na jua. Usiulizie mtu aliyegusa, wala usikadirie kwa macho ukiwa umesimama na mwavuli. Kama ni kavu, wapandishe, hata kama moyo unakudunda, hata kama umeniota mimi usiku nalia. Watu wanataka kula.

Na kama umelowa, hapo sasa ndipo ninapoogopa kweli, na hapo ndipo nilipokuwa naelekea tangu mwanzo.

Leo manyunyu yameanza. Umeyaona ulipokuwa unatoka, ukafurahi, ukasema vuli imefika. Huko uendako nako yameanza, mvua yetu na yao ni moja. Vijitunda sasa viko kama punje za mtama. Vitakua. Na itafika Jumatano moja, mvua imenyesha tangu Jumapili, halafu asubuhi hiyo jua linatoka, na mizambarau yote ya kando ya mto ni myeusi tii. Lori litasimama barabarani lipige honi. Mwenyekiti atatazama saa yake. Vijana watakuwa wamekwisha vua viatu, wanakutazama wewe, na kina mama wamekwisha tandaza mashuka. Utaweka kiganja kwenye gome, nalo litakuwa na maji.

Utajua la kusema. Siogopi kwamba hutajua, wewe si mjinga. Naogopa kwamba halitatoka. Wewe mgeni, wewe msichana, umefika juzi, na watu wazima wote wale wanakungoja. Mimi nilikuwa na mtu mmoja tu wa kumwambia "tungoje," tena mume wangu, tena yeye mwenyewe ndiye aliyetaka kungoja, na nilishindwa. Wewe watakuwa kijiji kizima. Wakikuuliza sababu ukawaambia maji ya gome, watakuambia, "Dada, vijana hawa wamepanda tangu utoto." Ukiwaambia wewe unajua zaidi, ndio umeharibu kabisa.

Basi usibishane nao. Siku hiyo waambie hivi: "Mama yangu amenikataza."

Watacheka. Waache wacheke. Waambie kule Kimamba kuna mama mmoja mwoga hana mfano, anaogopa hata manyunyu, na kwamba aliapa mtu akipanda mti uliolowa kwa kauli yako, radhi yake haipo tena juu yako. Waambie unajua ni upuuzi, lakini utafanyaje, ni mama. Nani atakayemlazimisha mtoto wa watu avunje radhi ya mama yake? Hata mwenyekiti ana mama. Atakasirika, ataguna, atamwambia dereva maneno mawili matatu, lakini hatakulazimisha. Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Sisi nyumba hii kilio tumekijaribu. Kicheko hakijamvunja mtu kiuno.

Tena si uongo nakufundisha, maana nimeapa kweli, sasa hivi, baba yako anaimba uani na mimi nimeweka mkono juu ya karatasi. Radhi yangu nakupa, Zaina. Nakupa yote, ya kulala na ya kuamka, ya safari, ya kazi, ya mume utakayempata na watoto utakaozaa, na nimekusamehe kila kitu hata ile sahani ya maua uliyoivunja. Ila nimeifunga kwa sharti hilo moja, na nimeifunga makusudi, upate mahali pa kushika siku utakapokosa pa kushika. Usione haya kunitaja. Mimi nimekwisha chekwa na kijiji kizima, sina la kupoteza, na hofu hii niliyonayo imekaa bure ndani yangu miaka yote hii haijamfaa mtu.

Lori liondoke tupu. Watu wabaki chini na miguu yao. Na wakitaka wa kumlaumu, waambie wapande basi waje Kimamba, mimi nipo, nitawapikia na chai.

Ni mimi mama yako,
Mama Zaina